Aliyeutaja Ugonjwa wa Sesilia Mbele ya Washenga

Maji hayakufika hata magotini. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Ruanda, hii kata ya kwetu Mbozi, mpaka leo wanasema Sesilia alizama. Mtu hazami kwenye tangi la kuoshea kahawa ambalo kuku akitumbukia anatoka mwenyewe. Sesilia alikuwa anakoroga kahawa, kifafa kikamshika, akaanguka kifudifudi, na wenzake wote wakaruka pembeni. Mimi nilikuwa ndiyo nafika kutoka barabarani. Nilikuwa nimemfuata kwa sababu hakuja zahanati kuchukua vidonge vyake. Nikakuta wanawake wamesimama ukingoni na ndoo zao kama watu wanaongoja zamu ya bomba, na msimamizi wao, Yonasi, kanyoosha mikono kuwazuia.

"Msimguse!" anapiga kelele. "Povu hilo! Likikupata na wewe umekwisha. Ngojeni kwanza limwishe!"

"Yonasi, mgeuze! Mgeuze kichwa tu!"

"Mgeuze wewe, mama. Si mwenzako huyo?"

Kweli ni mwenzangu. Nina kifafa tangu utoto, na maji na moto nimekatazwa. Niliingia na viatu vyangu. Nikamvuta mpaka ukingoni, nikamlaza ubavu, nikamlegezea nguo shingoni, nikamwita jina lake, kama nilivyowafundisha watu miaka yangu yote ya kazi. Bado alikuwa na joto. Hakuitika.

Sasa nirudi nyuma. Nyie wadogo zangu mnaoishika kazi hii baada yangu mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tunaifanya, na siwezi kuwaandikia kazi nikaruka kilichonitoa kazini. Mimi elimu yangu ni darasa la nne. Mkikuta nimekosea maneno, yarekebisheni. Majina ya watu msiyaguse.

Hilo darasa la nne lenyewe sikulimaliza. Nilianguka mstarini asubuhi, na Mwalimu Sanga, badala ya kunitoa kwenye jua, aliwaambia wanafunzi wakae mbali. Nilipozinduka alimwambia mama yangu, "Mpumzisheni nyumbani, atawatisha wenzake." Mpaka leo bado napumzika. Baadaye nikaolewa na Simbeye, dereva, na yeye hakujua, maana kwetu walinificha ili niolewe. Siku niliyoanguka jikoni, mkono wangu wa kushoto uliingia kwenye moto, na Simbeye akasimama mlangoni anaita majirani. Hakutaka kunivuta. Vidole viwili havinyooki tangu siku hiyo. Akanirudisha kwetu Chapwa, mwanangu Ombeni mgongoni, akamwambia kaka yangu, "Shemeji, mlinipa mtu mbovu."

Kaka akamtazama. "Sisi tulikupa mtu mwenye vidole vizima. Huyu uliyemleta kachomewa kwako."

Ndipo nikaanza kuuza maharage karibu na mpaka. Niwaambie kitu nilichokipenda pale. Wateja wangu wengi walikuwa Wazambia, hawakunijua. Wananiita "bamayo", yaani mama, wananishika mkono, tunabishana bei, tunacheka. Majirani zangu wa Chapwa walikuwa wanachukua maharage kwa kupokelea kwenye ungo. Mtu mzima unafika mahali unawapenda wageni kwa sababu tu wanakushika mkono.

Aliyenitoa sokoni ni Sista Paulina, muuguzi wa zahanati niliyokuwa nachukulia vidonge. Mama mmoja mfupi, sauti kama ya kondakta, haogopi mtu wala mbwa. Vidonge vyake nilivimeza mwaka mzima nikawa sianguki tena, naye akaniambia, "Mama Ombeni, Jumanne uje ukae kwenye benchi na wenzako."

"Nije kufanya nini, Sista?"

"Kukaa. Wakuone. Wanadhani mtu wa kifafa akipona anaota mapembe."

Kwa hiyo kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukaa kwenye benchi. Nyie mnaanza na mafunzo hotelini, mnapewa mabegi. Jumanne ya pili ndiyo akanipa mkeka na kanga, akanifundisha kumlaza mtu aliyeanguka, na mimi nikawa ndiye wa kulazwa, kila Jumanne, mbele ya watu. Ondoa kuni, ondoa sufuria, ondoa watoto. Mgeuze ubavu. Usimshike kwa nguvu. Usimtie kijiko mdomoni, utamvunja meno bure. Usimmwagie maji, huyo si moto. Akizinduka mwite jina lake, usimwulize "unaonaje?" Hana anachokiona. Na usiwaache watu wamzunguke, maana aibu ya kuzinduka na kukuta nyuso za watu inauma kuliko kichwa. Hilo la mwisho Sista hakunifundisha. Nilikuwa nalo.

Miaka ikaenda hivyo, benchi na mkeka, na kuwafuata majumbani waliokatisha vidonge. Halafu ukaja mradi wa kupima unyanyapaa wa watu wenye kifafa. Wakatafuta mtu wa kuwafikisha kwa wagonjwa, Sista akanitaja. Tukaanza kuzunguka, Tunduma, Mbozi, mpaka Mbangala kule Songwe. Watu walitucheka sana. Pale Chapwa fundi baiskeli mmoja aliniuliza, "Mama Ombeni, huo unyanyapaa mnaupima kwa damu au kwa mkojo?"

"Kwa maneno."

"Basi kwangu mtapata ndoo. Mama mkwe wangu nitampima mwenyewe."

Kupima kwenyewe kulikuwa hivi. Unamuuliza mtu maswali: watu wanakukwepa? Unahisi wanakuona si mtu kamili? Umewahi kuachwa kwenye shughuli? Yeye anajibu hapana, kidogo, au sana. Unajumlisha. Ni kazi nzuri, sitaki msikie kwamba naidharau. Mimi nilipoulizwa mara ya kwanza nililia, maana hakuna aliyewahi kuniuliza.

Lakini kwetu huku mgeni akikuuliza kama ndugu zako wanakutesa, unamjibu hapana. Utawasemaje ndugu zako kwa mgeni, na wao wako uani wanasikia? Pale Mbangala tulimkuta mama mmoja, anaishi kwa mdogo wake. Kila swali, hapana. Watu wanakukwepa? Hapana, wananipenda. Sista akaacha maswali, akaanza kumsaidia kuchambua mboga. Wakati wa kula ukafika. Familia yote ikazunguka sinia moja la ugali. Yule mama akaletewa sahani yake, na kikombe chake kimefungwa uzi mwekundu shikioni kisichanganyike na vingine.

"Mama, mbona wewe huli na wenzako?" Sista akamuuliza taratibu.

"Aa, mimi wamenipa sahani yangu mwenyewe," akajibu, tena kwa kujidai kidogo. "Tangu niko msichana. Nakuambia wananipenda hawa."

Sista hakubisha. Alichukua tonge, akahama kwenye sinia, akaenda kuchovya kwenye sahani ya yule mama. Mimi nikamfuata. Kisha mtoto wa kike wa pale, mdogo, akanyanyuka naye akaja kuchovya, mama yake akamvuta gauni. Tulipoondoka Sista aliniambia, "Huyu hana majibu ya uongo. Hajawahi kuonja cha wenzake, atajuaje kuwa amekosa?" Kwa hiyo msikimbilie maswali. Kaeni mpaka chakula kiive.

Na njia yetu ya kuingia nyumbani kwa mtu ilikuwa hii. Tunakwenda kwa miguu kutoka barabarani. Tunasalimia. Mnajua desturi ya huku: mgeni akishakaa na kunywa maji, mwenye nyumba anamuuliza mbele ya wote waliopo, "Haya, wageni wetu, mna habari gani?" Lazima useme kilichokuleta. Usiposema, umeingia kama mwizi. Sista alikuwa anajibu, "Tumekuja kuwasalimia akina mama na watoto." Ni kweli, na watoto alikuwa anawapima kweli. Halafu baadaye, jikoni, mkiwa na mwenyewe, ndipo unasema neno kifafa, kwa sauti ya chini, na akitaka ndiyo mnaendelea. Asipotaka, mnaaga.

Sista Paulina akahamishwa. Akaletwa msimamizi kutoka mjini, Bwana Festo Mkamilo. Sitamsingizia. Hakuwa mtu mkali, hakuwa mlevi, alikuwa akinipa shikamoo kila asubuhi na kunibebea mwavuli. Alikuwa mtu wa utaratibu. Nilipomweleza jinsi tunavyoingia, alitikisa kichwa kwa huruma kabisa.

"Mama Ombeni, huko ni kudanganya. Mtu ana haki ya kujua kwa nini tumekuja nyumbani kwake. Sisi tunasema wazi. Tukificha sisi, si tunakuwa tumekubali kwamba ni aibu?"

"Baba, sikatai. Ila anayebaki pale tukishaondoka si wewe."

"Ndiyo maana tunapigania uwazi, mama."

Alikuwa na maneno mazuri. Nimeyakumbuka yote.

Sesilia alikuwa binti wa Mzee Nzunda wa Ruanda, mkulima wa kahawa. Mimi nilimjua tangu anaanza vidonge. Alikuwa mcheshi, mwongeaji, ananiigiza ninavyotembea na viatu vyangu vya mvua mpaka benchi zima linacheka. Alikuwa hajaanguka muda mrefu, na vidonge alikuwa anamezea jikoni, hata majirani hawakujua. Akanong'ona kwangu Jumanne moja, "Mama, kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu. Ana shamba Ihanda huko. Anaitwa Lameki."

"Umemwambia?"

"Nitamwambia mwenyewe. Niachie, mama. Kwa mdomo wangu. Tukishazoeana."

Nilimwachia. Lilikuwa lake la kusema.

Siku tuliyokwenda kwao na Bwana Festo tuliiona gari ndogo imeegeshwa chini ya migomba, na uani mkeka umetandikwa, wazee wamevaa makoti. Washenga wa Lameki walikuwa wamekuja. Mkubwa wao alikuwa mjomba wake, mzee mmoja anaitwa Halinga, na blanketi na jembe la posa vimelala pembeni yake. Sesilia alikuwa amepiga magoti anawakaribisha togwa, kavaa kitenge kipya. Aliponiona macho yakamtoka. Nikaelewa. Nikamshika Bwana Festo shati.

"Baba, leo tusalimie turudi. Wana shughuli."

"Tutakaa kidogo tu, mama. Kesho tuko kata nyingine."

Tukakaribishwa, tukakaa. Maji yakaletwa. Mzee Nzunda, mtu wa heshima zake, tena siku hiyo kafurahi, akageuka kwetu kama desturi inavyotaka. "Haya, wageni wetu, karibuni sana. Mna habari gani?"

Nikawahi. "Tumekuja kuwasalimia, baba. Tulikuwa tunapita."

Bwana Festo akakohoa. "Mzee wangu, shikamoo. Mama hapa ameona aibu, lakini mimi siwezi kukuficha kwenye nyumba yako. Sisi tunatoka kwenye mradi wa watu wenye kifafa. Tunapima unyanyapaa. Tumekuja kumwona binti yako Sesilia, ambaye ni mgonjwa wetu."

Akaongeza na elimu kabisa, kwamba kifafa hakiambukizi, kwamba ni ugonjwa kama malaria tu. Alisema vizuri. Hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Mzee Halinga alikuwa na kikombe cha togwa mkononi. Alikiweka chini bila kunywa, polepole, akamtazama Sesilia, akatazama mkono wake mwenyewe uliokuwa umepokea kikombe kwake.

"Mama," akamwambia mke wa Nzunda, "tusaidie maji ya kunawa."

Akanawa. Mwenzake naye akanawa. Kisha akasema kwa adabu zote, "Mzee mwenzangu, tumekumbuka kitu tumekiacha nyumbani. Tutarudi tuongee." Akachukua blanketi. Mwenzake akachukua jembe. Gari ikawaka.

Mngetegemea na sisi tuondoke. Bwana Festo alisikitika, niliona, jasho lilimtoka. Lakini alikuwa mtu wa utaratibu, na siku ilikuwa ya Ruanda. Akamwomba Sesilia wakae pembeni. Sesilia akakubali, maana kwao wamemlea kutomkatalia mgeni. Nilikaa naye, nikamshika mkono. Vumbi la ile gari bado linaonekana kwenye migomba.

"Je, watu wanakukwepa kwa sababu ya ugonjwa wako?"

"Hapana," Sesilia akasema.

"Umewahi kuachwa au kukataliwa kwenye jambo la kijamii?"

"Hapana."

"Unahisi wengine wanakuona si mtu kamili?"

Hapo aliliangalia lile vumbi. "Hapana, baba. Asante."

Akajibu hapana mpaka mwisho. Bwana Festo akajumlisha, akampa sukari na sabuni ya shukrani, tukaondoka. Kwenye gari la kurudi nilimwuliza, "Umeandika nini?"

"Nimeandika alichosema, mama. Siwezi kuandika ambacho hakukisema."

Wiki zilizofuata nilikwenda Ruanda kwa nauli yangu. Sesilia alikuwa amekonda. Mama yake Lameki alikuwa ameleta neno kwamba kama binti si mgonjwa kweli, basi msimu wa kahawa upite bila kuanguka, watu wote wamwone anafanya kazi kwenye mtambo wa kuoshea kahawa na wenzake, watafikiria upya. Nikauliza, na vidonge?

"Nimeacha, mama."

"Sesilia! Vidonge haviachwi ghafla, mwanangu. Ukiacha ghafla kinarudi na hasira."

"Nikionekana navyo ndiyo nimekubali. Sasa hivi kila anayepita dirishani anachungulia nameza nini."

"Meza kwangu. Njoo Tunduma, ulale kwangu, umeze."

"Nitakuja Jumanne," akasema, na akajilazimisha kuniigiza natembea, ili nicheke. Nilicheka. Jumanne hakuja. Nikangoja nyingine, hakuja. Ndipo nikapanda gari, nikashuka Ruanda, nikakuta wanawake ukingoni mwa tangi.

Tulimzika vizuri. Yonasi alikuja msibani, akabeba jeneza, siku hiyo hakuogopa kugusa. Wale wanawake wa tangini siwachukii. Walilelewa kwa uoga huo na walimu wa aina ya Sanga. Lakini Yonasi alikuwa mkubwa wao, na nimemtaja kwa jina, na wanawe wakisoma hapa wamwulize.

Baadaye mradi ulitangaza matokeo kwenye ukumbi mmoja Vwawa. Wakaonyesha ukutani picha yenye rangi. Ruanda ilikuwa imepakwa kijani, maana yake unyanyapaa mdogo. Wakapiga makofi, wakasema elimu imefika. Nikanyanyua mkono. Nikasema, "Yuko Sesilia humo kwenye kijani?"

Mshereheshaji akachukua kipaza sauti. "Mama yetu asante sana, swali zuri sana, tutalijibu baada ya chakula."

Chakula kilikuwa pilau. Baada ya chakula waligawa vyeti. Nilimfuata Bwana Festo nje, yuko kwenye simu. Akaikata, akanishika bega kwa huruma yake ileile. "Mama Ombeni, ile ilikuwa ajali. Nami imeniuma. Lakini haihusiani na utafiti."

Mwezi huo niliacha kazi. Wanasema nimestaafu, wakanipa kanga. Kwenye benchi la Jumanne amekaa mwenzetu mwingine sasa, na nyie mtaenda naye majumbani. Nendeni kwa miguu.

Nyie nimemaliza. Maneno yaliyobaki ni yako, Bwana Festo Mkamilo, na najua utasomewa, na wakubwa zako waliokutuma na wakaweka Ruanda kwenye kijani. Mzee Nzunda kazeeka ghafla, kahawa yake mwaka huu imeanguka chini haijachumwa. Kila nikienda kumjulia hali ananiuliza swali moja: yule kijana mwenye adabu, aliona washenga wamekaa, aliona mwanangu kapiga magoti, kwa nini alisema? Na alipoona wananawa mikono, kwa nini aliandika kwamba hakuna anayemkwepa? Mimi nimechoka kumjibu "sijui, baba". Sijui kwa sababu aliyesema si mimi. Usiniletee mwakilishi, usitume barua ya pole. Msimu huu haujaisha. Panda gari uende Ruanda, ukae mbele ya baba yake na mama yake, umtaje Sesilia kwa jina, useme wewe ndiye uliyesema, uwaambie kwa nini. Na ukitoka hapo, rudi kwenye ukumbi uleule, uifute ile rangi. Nakungoja, na nitakuwepo.